Kidole tumbo kwa mama mjamzito: jibu kwa msomaji wetu wa Murusagamba

Juma hili tumeiweka kando mada tuliyoahidi, ya malezi ya watoto wakati wa likizo, kwa sababu ya barua iliyotufikia kutoka Murusagamba, kata ya wilaya ya Ngara iliyo jirani na mpaka wa Burundi. Aliyeiandika ni mume na baba wa watoto wawili. Mkewe, mwenye mimba ya miezi sita, alishikwa na maumivu ya tumbo usiku, akatapika, akakataa chakula. Shangazi yake akasema ni chango, akachemshiwa mizizi. Mume mwenyewe alikuwa safarini upande wa Biharamulo, na wazee wakaona si vyema kumtoa mke wa mtu nyumbani bila idhini ya mwenyewe. Siku mbili zikapita. Alipofikishwa hospitalini akaambiwa ni kidole tumbo, akapasuliwa usiku uleule, na daktari akasema kilikuwa kimevimba na kuanza kuoza, ila hakijapasuka.

Sasa wiki tatu zimepita, mama yuko nyumbani na mtoto anacheza tumboni. Lakini nyumba haina amani. Mama mkwe anasema kisu kimepita karibu na mtoto, na kwamba atazaliwa na kasoro, au hatazaliwa. Ndugu yetu anauliza: je, mama yangu anasema kweli? Na je, mke wangu ataweza kuzaa kwa njia ya kawaida?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kidole tumbo, ambacho wengi hukiita apendiksi, ni kijifuko chembamba mfano wa kidole, kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia chini ya tumbo. Kikizibwa, kwa kinyesi kilichoganda au kwa uvimbe wa ndani yake, vijidudu huzaliana humo, kikajaa usaha, damu ikashindwa kukifikia, kikaoza. Kikipasuka, uchafu humwagika tumboni na kuuwasha utando wote unaozunguka matumbo. Hapo ndipo maisha ya mgonjwa huingia hatarini, na kwa mjamzito ni maisha mawili.

Ndugu yetu ameshangaa kwamba "ugonjwa wa watu wa mjini" umefika kwao. Mshangao huo una asili yake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi nchini Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba ugonjwa huu ulikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini, na akakihusisha jambo hilo na vyakula vyao vyenye makapi mengi. Maelezo yake yamejadiliwa sana tangu hapo. Lakini nadra si sawa na kutokuwepo, na kwa wajawazito kidole tumbo ndicho sababu kubwa kuliko zote ya upasuaji wa dharura usiohusiana na uzazi. Makadirio ya vitabu vya tiba ni takriban mjamzito 1 katika kila 1,000 hadi 1,500.

Mimba haileti ugonjwa huu. Inachofanya ni kuuficha, na hili tunataka wasomaji wetu, hasa akina mama na wakunga wa nyumbani, walizingatie sana. Kwa mtu wa kawaida maumivu huanza kitovuni, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia na kutulia hapo. Mgonjwa hupoteza hamu ya chakula, hutapika, na homa hupanda. Sasa mjamzito gani asiyetapika? Nani kati yao asiyeumwa tumbo siku moja moja? Tena mji wa mimba unapokua huvisukuma viungo vingine, na kwa baadhi ya wanawake maumivu husikika juu zaidi, karibu na mbavu, au hata mgongoni upande wa kulia. Chembe nyeupe za damu, ambazo maabara huzihesabu ili kujua kama kuna uambukizo, kwa mjamzito huwa nyingi hata akiwa mzima. Na katika nchi ya malaria kama yetu, homa na kutapika huelekeza macho ya kila mtu kwenye mbu. Mama hupewa dawa ya malaria, au ya uambukizo wa njia ya mkojo, akarudishwa nyumbani.

Kwa hiyo hatumlaumu shangazi kwa kutojua. Hata waliosomea udaktari hukosea hapa. Lakini neno "chango" limebebeshwa mzigo usio wake. Kila tumbo la mwanamke likiuma ni chango, na dawa ya chango mara nyingi ni ya kuharisha. Kumwendesha haja mgonjwa wa kidole tumbo ni hatari, kwa sababu matumbo yakisukumwa kwa nguvu kijifuko kilichovimba huweza kupasuka. Maumivu ya tumbo yanayozidi kwa saa kadhaa bila kutulia, yanayomfanya mama ashindwe kutembea wima au kukohoa bila kuugulia, si ya kungojea asubuhi ya pili. Huenda si kidole tumbo. Huenda ni kondo lililoanza kubanduka, au mimba iliyotunga nje ya kizazi, au figo. Katika hayo hakuna hata moja linalotibiwa kwa mizizi.

Sasa tuingie katika swali la mama mkwe, kwani ndilo lililoivuruga nyumba.

Hofu yake si ya kijinga, na tunamwomba ndugu yetu asimjibu kwa ukali. Upasuaji wa tumbo la mjamzito una hatari zake kweli. Mimba ikiwa changa huweza kuharibika. Ikiwa kubwa, uchungu huweza kuanza kabla ya wakati, akazaliwa mtoto njiti. Lakini ni lazima tutofautishe kinachotokana na kisu na kinachotokana na ugonjwa. Daktari Babler wa Marekani aliandika tangu mwaka 1908 kwamba vifo vya kidole tumbo katika mimba kwa hakika ni vifo vya kuchelewa. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu hapo. Baada ya saa 24 za maumivu hatari ya kupasuka hupanda sana. Ripoti za zamani zinaonyesha kwamba kijifuko kisipopasuka, mimba zinazopotea ni kama 3 hadi 5 katika kila 100. Kikishapasuka, hufika 20 au zaidi.

Takwimu za karibuni zina matumaini zaidi, ila zina funzo jingine ndani yake. Huko California, Marekani, mwaka 2007 walichapisha uchunguzi wa wajawazito 3,133 waliotolewa kidole tumbo. Waliokuwa na ugonjwa wa kawaida, usiopasuka, mimba zilizopotea zilikuwa 2 katika 100. Waliokuwa na ugonjwa uliokwisha kupasuka au kufanya jipu, 6 katika 100. Na wale waliopasuliwa kisha kijifuko kikakutwa kizima? Walipoteza 4 katika 100, yaani zaidi ya wagonjwa wa kawaida! Hapo mtu anaona ugumu wa kazi ya daktari: akichelewa anaua, akiharakisha bila sababu anadhuru. Ndiyo maana mama akifika mapema hata kipimo cha utrasaundi, pale kilipo, kina nafasi ya kumsaidia daktari, naye ana muda wa kumtazama mgonjwa mara mbili na tatu kabla hajaamua. Aliyeletwa siku ya pili usiku hana anasa hiyo.

Jibu linalomhusu ndugu yetu moja kwa moja limo katika uchunguzi mwingine, uliochapishwa Sweden mwaka 1991. Wataalamu wawili, Mazze na Källén, walifuatilia kumbukumbu za wajawazito 778 waliotolewa kidole tumbo. Waligundua kwamba kwa mimba za wiki 24 hadi 36 hatari ya kujifungua mapema ilipanda katika wiki moja ya mwanzo baada ya upasuaji. Wiki hiyo ikishapita mimba ikiwa salama, hatari ile haikuonekana tena. Ama kuhusu kasoro za maumbile, hawakuona kwamba zimeongezeka. Mtoto wa miezi sita viungo vyake vimekwisha kuumbika zamani, na daktari hakugusa mji wa mimba. Alikata ukuta wa tumbo, akakitoa kijifuko cha utumbo, akashona. Dawa ya usingizi, ambayo wazee wetu huiita nusu kaputi, hutumika kwa wajawazito duniani kote.

Mkeo amekwisha kumaliza wiki tatu. Mwambie mama yako hivyo, na umwambie kwa upole.

Wala kovu hilo halimzuii kuzaa kwa njia ya kawaida. Kovu linalowatia madaktari wasiwasi wakati wa uchungu ni lile la mji wa mimba wenyewe, la mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji. Hili la mkeo liko kwenye ukuta wa tumbo. Wapo wanawake waliojifungua salama wiki chache tu baada ya kutolewa kidole tumbo, na mshono haukufumuka.

Yapo mawili ambayo ndugu yetu ameyagusa kwa mbali, nasi hatuwezi kuyapita. La kwanza ni kwamba familia iliudhika kuona aliyempasua mkewe ni mwanamume, tena si daktari bingwa bali daktari msaidizi. Kuhusu uanaume wake, wanazuoni wetu wamelieleza jambo hili zamani: haja ya tiba ikiwapo na tabibu mwanamke asipatikane, tabibu mwanamume huruhusiwa kutazama na kugusa kwa kadiri ya haja hiyo. Saa nane za usiku si wakati wa kutafuta mwingine. Na kuhusu cheo chake, tunapenda kuwakumbusha wasomaji kwamba Tanzania ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi kupasua katika miaka ya 1960. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 14 za mikoa ya Mwanza na Kigoma, jirani zetu kabisa, ulionyesha kwamba wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya operesheni kubwa za uzazi, na matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari kamili. Hizo zilikuwa operesheni za uzazi, si za kidole tumbo, lakini mkono ni uleule.

La pili ni zito zaidi, nasi tulisitasita kuliandika. Siku zile mbili zilipotea kwa kungojea idhini ya mume. Ndugu yetu hajalisema hivyo. Ameandika tu kwamba "simu yangu haikuwa na mtandao njiani". Sisi twalisema. Mwanamke mzima mwenye fahamu zake ndiye anayetia saini karatasi ya ridhaa ya upasuaji wake mwenyewe, na hakuna mume mwenye akili atakayerudi safarini akalalamika kwamba mkewe ameokolewa bila yeye kuulizwa. Kama desturi ya nyumba ni kuulizana, basi idhini itolewe kabla ya safari, mbele ya wazee, siku mimba inapojulikana: akiugua, apelekwe, msinisubiri. Maneno hayo yangemfikisha mkewe hospitalini siku ya kwanza.

Na njia je? Kwa watu wa Murusagamba safari ni shida ya kweli, tunalijua hilo. Hospitali za wilaya ya Ngara ziko Nyamiaga, Murgwanza na Rulenge, na rufaa kubwa huenda Bukoba, Chato au Bugando kule Mwanza. Bodaboda ndiyo iliyo karibu zaidi, na kwa tumbo lililovimba usaha kila shimo la barabara ni adhabu. Upo mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, uitwao m-mama, ambao namba yake ni 115 na haitozwi fedha. Serikali ilitangaza kuueneza nchi nzima mwaka 2022, na hutumia pia magari ya watu binafsi waliosajiliwa katika maeneo yao. Namba hiyo iandikwe nyuma ya mlango, pale panapoandikwa madeni ya dukani. Njiani mama alazwe kwa ubavu wa kushoto, ili mji wa mimba usiulalie mshipa mkubwa wa damu. Asipewe chakula wala uji wa kumtia nguvu, kwani tumbo lililoshiba huchelewesha dawa ya usingizi na kuifanya ya hatari.

Kwa yaliyobaki, mama huyu aendelee na kliniki yake bila kukosa. Ile karatasi aliyopewa wakati wa kuruhusiwa kutoka hospitalini ibandikwe ndani ya kadi ya kliniki, ili mkunga atakayempokea siku ya uchungu ajue kovu ni la nini na asilidhanie la uzazi. Asibebe ndoo wala kulima mpaka daktari amruhusu. Tunasikia msimu wa maharage umekaribia, na tunajua nani huwa wa kwanza kuingia shambani. Akiona mshono unatoa maji au usaha, akipata homa, akiona damu au maji ukeni, au tumbo likianza kukaza na kuachia kwa mpangilio, asisubiri tarehe ya kliniki.

Ameuliza pia kama ajifungulie nyumbani, kwa kuwa wale wawili wa mwanzo walizaliwa nyumbani salama. Hapana. Huyu wa tatu azaliwe hospitalini, na safari ianze wiki moja au mbili kabla ya siku zake, akae kwa jamaa walio karibu na hospitali. Mama mkwe naye afuatane naye, akashuhudie kwa macho yake.