Walii Aliyezuiwa na Mvua

Siku moja ya masika yaliyopita tulimpokea mjini Dar es Salaam mzee wetu mmoja, mkulima wa korosho na ufuta kutoka Kiegei, katika nchi ile ya Nachingwea na Ruangwa. Alikuwa safarini kwenda Unguja. Mjukuu wake, binti wa marehemu mwanawe, alikuwa aolewe alasiri ya siku hiyo, na babu ndiye walii wa kumwozesha. Basi lilikuwa limemshusha Mbagala usiku uliotangulia, na tiketi ya boti ya asubuhi alikuwa nayo mfukoni. Kwa hesabu ya karatasini, safari ile haikuwa na kasoro.

Mvua ilianza kabla ya alfajiri. Kutoka Mbagala hadi bandarini si mwendo wa kutisha, lakini siku ya mvua kubwa Barabara ya Kilwa hugeuka msururu wa magari usiosogea, na dereva wa daladala hujiamulia mwenyewe njia ya kufuata na mahali pa kuwashusha abiria wake matopeni. Mzee alifika gatini boti imekwisha kuondoka. Dirishani aliambiwa kwamba tiketi yake imekufa, na kwamba akitaka anunue nyingine ya mchana. Akanunua.

Hatukupenda azimalize saa za kungoja akiwa amejibanza ukutani na mzigo wake. Tukamtembeza mjini chini ya mwavuli mmoja. Aliitazama Sanamu ya Askari, iliyosimama pale njia panda tangu mwaka 1927, akasema kwamba angalau yeye mvua ameizoea. Aliposomewa jina la Barabara ya Samora alifurahi kama aliyekutana na jirani, kwa kuwa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO ilikuwa huko kwao Nachingwea, na Samora Machel mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Kisha tukajisitiri Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1940. Huko alielezwa habari za fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Naye akauliza, je, yule mnyama mkubwa wa Tendaguru, wa mkoani kwetu Lindi, yuko chumba gani? Ikabidi tumweleze kwamba mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, na kwamba hivi sasa imesimamishwa Berlin. Mzee akatikisa kichwa. "Basi yule aliwahi boti," akasema.

Tuliporudi bandarini tulikuta bahari imechafuka na safari ya mchana imefutwa. Kwa hilo hatumlaumu mtu. Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji kukumbushwa MV Spice Islander ya Septemba 2011, wala MV Skagit ya Julai 2012. Chombo kisichong'oa nanga katika hali mbaya kimetimiza wajibu wake. Tunalolalamikia ni kwamba abiria waliokuwa wamepanga foleni, wengi wao wakinyeshewa, walizipata habari hizo kwa kuulizana wao kwa wao. Aliyeambiwa mapema angeweza kutafuta njia nyingine, au japo kupata pa kulala kabla vyumba vya bei nafuu havijajaa.

Mzee alisimama barazani, kidole kimoja kikiziba sikio lisisikie ngurumo, akampa uwakala kwa simu ndugu mmoja aliyekuwa Unguja amwozeshe mjukuu wake. Ndoa ilifungwa. Lakini mtu aliyesafiri kutoka Kiegei ili atamke maneno yale kwa kinywa chake aliyatamka kwa mwingine, amesimama kwenye dimbwi la maji.

Tungependa wakuu wa Serikali walitazame jambo hili kwa macho ya abiria. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri, tena mara nyingi kwa wakati. LATRA husimamia mabasi. TASAC husimamia vyombo vya majini. Kila ofisi ina mlango wake na mpaka wake wa kazi, na anayeipita mipaka hiyo yote kwa siku moja ni msafiri mwenye furushi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, onyo lilitolewa na boti za Unguja zikasimamishwa. Mvua za siku hizo hizo zikaikata barabara ya kusini huko Kilwa. Kwa dharura kubwa kama ile nchi nzima husikia. Kwa mvua ya kawaida ya Aprili, ambayo haina hata jina, nani humwambia aliye Mbagala kwamba njia ya bandarini haipitiki, au kwamba boti ya mchana ina mashaka?

Hatuombi madaraja mapya katika safu hii. Tunaomba ubao wa matangazo katika kituo cha mabasi, uandikwe kila asubuhi hali ya boti, na mwingine bandarini uandikwe hali ya barabara. Tunaomba redio za pande zote mbili za Muungano zisome habari hizo alfajiri, kabla watu hawajatoka majumbani. Tunaomba pia kanuni moja iliyo wazi: abiria aliyecheleweshwa na barabara iliyofungwa kwa mafuriko ahamishiwe boti inayofuata bila kulipa nauli mara ya pili. Faida yake haitakuwa ya watu wa kusini peke yao. Mgonjwa wa Pemba aliyepewa miadi Muhimbili huingia katika shida hiyo hiyo kwa mlango wa pili, naye hana mtu wa kumpa uwakala.

Mzee wetu alivuka siku ya pili yake, saa 3 asubuhi, kwa tiketi ile ya mchana iliyokubaliwa baada ya mabishano marefu. Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Alipofika Unguja, bibi harusi alikuwa amekwisha kupelekwa kwa mumewe.