Usiwatupe Watoto wa Paka

Wewe ni mkulima. Umelima, umepalilia, umevuna. Sehemu ya mavuno umeiweka nyumbani. Sehemu nyingine umeiuza. Lori limekuja, limepakia magunia, limekwenda mjini.

Mazao mengi ya vijijini huuzwa Dar es Salaam katika soko la Kariakoo na katika maduka yanayolizunguka. Jirani na Kariakoo kuna uwanja wa Mnazi Mmoja. Uwanja huu uko kati ya Mtaa wa Lumumba na Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Wakati wa ukoloni, uwanja huu uliachwa wazi ili kutenganisha mitaa ya Waafrika na mitaa ya maduka ya Wahindi. Leo watu huvuka hapo mchana kutwa, kwenda na kurudi. Usiku panya nao huvuka.

Panya hawaulizi gunia ni la nani. Hutoboa gunia, hula, humwaga, hukojoa juu ya nafaka. Mali ya mwenye duka inaharibika. Jasho lako wewe mkulima linapotea.

Kwa sababu hiyo maduka na nyumba nyingi za Kariakoo zina paka. Paka huyu hapati mshahara. Analala mchana juu ya magunia, anafanya kazi usiku. Watu wote wanamjua. Mama lishe humtupia kichwa cha samaki. Watoto humpa jina.

Siku moja paka huyu anazaa. Akizaa watoto watatu, watu hufurahi. Akizaa sita au saba, watu hukunja uso. Ndipo utasikia mtu akisema, "Hawa ni wengi mno. Watie kwenye mfuko, wakatupwe jalalani."

Mimi nasema hapana. Neno hili halifai mjini, wala halifai kijijini. Nina sababu tatu.

SABABU TATU

Kwanza, ni ukatili. Mtoto mchanga wa paka haoni wala hasikii. Akitupwa, hafi mara moja. Hufa polepole kwa baridi na njaa, au huliwa na wadudu angali hai. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inakataza kumtesa mnyama. Dini zetu nazo zinakataza. Waislamu wanajua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Wakristo wanajua kwamba kitabu cha Mithali kinamsifu mtu mwema anayejali uhai wa mnyama wake.

Pili, haisaidii. Paka aliyenyang'anywa watoto wake hutafuta dume tena mapema. Hubeba mimba kwa muda wa siku 65 hivi, kisha huzaa tena. Kwa hiyo unatupa leo, na baada ya miezi michache unatupa tena. Idadi ya paka mtaani haipungui.

Tatu, nyumba isiyo na paka hununua sumu. Pita Kariakoo utawasikia wachuuzi wakitangaza dawa ya panya, dawa ya mende na dawa ya kunguni. Je, familia inayoishi katika chumba kimoja itaiweka wapi sumu hiyo? Mtoto anayetambaa hajui kusoma maandishi ya kwenye pakiti. Tena panya aliyekula sumu akiliwa na kuku, mbwa au paka, naye anaweza kufa.

Sisemi kwamba paka anamaliza panya wote. Hawezi. Lazima uzibe matundu, ufunike chakula na ufagie punje zilizomwagika. Lakini paka ni msaidizi. Wahenga walisema: Paka akiondoka, panya hutawala.

JOTO KWANZA

Baadhi ya watu husema, "Dar es Salaam ni joto. Paka atasikiaje baridi?"

Fikiri vizuri. Mtoto mchanga wa paka ana uzito wa gramu 100 hivi. Hana uwezo wa kujipatia joto la kutosha. Katika wiki ya kwanza anahitaji mahali penye joto la nyuzi 30 hivi. Wakati wa kipupwe, usiku wa mwezi Julai, joto la Dar es Salaam huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Sakafu ya saruji ni baridi zaidi. Wakati wa masika sakafu hiyo hulowa. Je, kule Njombe au Lushoto itakuwaje?

Fanya hivi. Chukua boksi la karatasi ngumu. Maboksi hayakosekani penye maduka. Tandika gunia chini, juu yake weka kanga kuukuu iliyo safi na kavu. Weka boksi mahali pasipo na upepo, mvua wala siafu. Upande mmoja ukate chini kidogo ili mama aweze kuingia na kutoka.

Kama mama yupo, mwili wake ndio jiko lao. Kama ametoka, jaza chupa maji ya moto kiasi. Funga kizibo vizuri isivuje. Izungushie kitambaa, kisha ilaze upande mmoja tu wa boksi. Hivyo mtoto akisikia joto kali atasogea upande wa pili. Chupa ikipoa ibadilishe, maana chupa baridi hunyonya joto la watoto.

Usiweke jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake huua watu na wanyama. Usiweke kibatari wala mshumaa karibu na boksi. Soko la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na watu wa pale wanajua hasara ya moto.

MLISHE MAMA

Mtu mwingine atasema, "Maziwa ya watoto wangu hayatoshi. Nitawapaje paka?"

Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni hili: usiwape watoto wa paka maziwa yako. Mlishe mama yao, naye atawalisha. Hiyo ndiyo njia rahisi, na ndiyo iliyo bora kuliko zote.

Paka anayenyonyesha watoto wengi huhitaji chakula mara mbili au mara tatu ya kawaida. Chakula hicho si lazima kinunuliwe. Kwa wauza samaki kuna vichwa na matumbo ya samaki. Kwa wauza kuku kuna utumbo. Vyote hivyo hutupwa kila siku. Vipike, poza, toa mifupa na miiba, kisha mpe mara tatu au nne kwa siku. Dagaa wa chumvi waloweke kwanza na kumwaga maji yake. Usitie vitunguu, maana ni sumu kwa paka. Maji safi yawepo mchana na usiku. Mama asiyekunywa maji hatoi maziwa.

Kijijini fanya vivyo hivyo. Siku ya kuchinja kuku au kuvua samaki, mkumbuke paka wa ghalani.

WATOTO WAKIWA WENGI

Paka huwa na chuchu nane. Lakini watoto wakiwa saba, wenye nguvu huwasukuma wanyonge. Mnyonge hukosa maziwa, hupoa, hufa. Si kwamba maziwa hayapo. Ni kwamba hakupata zamu.

Basi panga zamu. Wagawe watoto makundi mawili. Kundi la wanyonge linyonye kwanza, huku kundi la pili likikaa karibu na chupa ya joto. Baada ya saa mbili, badilisha.

Utamjuaje mnyonge? Hapa elimu yako ya kusoma, kuandika na kuhesabu itafanya kazi. Azima mizani ndogo ya duka la viungo. Weka boksi dogo juu yake ili mizani isichafuke. Pima kila mtoto mara moja kwa siku, saa ile ile. Andika katika daftari hivi:

Mweusi: jana gramu 110, leo gramu 122. Ameongezeka gramu 12.
Mwenye mkia mweupe: jana gramu 98, leo gramu 98. Hakuongezeka.

Mtoto mzima huongezeka gramu 10 au zaidi kwa siku. Kwa hiyo huyu mwenye mkia mweupe apewe zamu ya kwanza leo. Asipoongezeka tena kesho, muulize ofisa mifugo.

MAMA AKIFA

Ukiwakuta watoto wa paka peke yao, usikimbilie kuwachukua. Huenda mama ametoka kutafuta chakula. Kaa mbali, ngojea saa kadhaa. Lakini ukijua hakika kwamba mama amegongwa na gari au amekula sumu, basi kazi ni yako.

Wape joto kabla ya maziwa. Tia ncha ya kidole safi kinywani mwa mtoto. Ikiwa kinywa ni baridi, usimpe chochote. Tumbo lililopoa haliwezi kusaga chakula. Mfunge kitambaa, mweke kifuani pako mpaka apate joto polepole.

Maziwa ya ng'ombe peke yake hayafai. Ni mepesi kuliko ya paka, na huwaharisha watoto. Mjini yako maduka yanayouza maziwa ya unga ya watoto wa paka, lakini ni ghali. Kama kuna paka mwingine anayenyonyesha, jaribu kumwekea. Paka wengi huwapokea yatima. Kwa dharura ya siku moja au mbili, chemsha kikombe kimoja cha maziwa. Yakiwa bado ya moto, koroga ndani yake kiini cha yai moja. Chuja, ngojea yawe vuguvugu.

Tumia bomba jipya la duka la dawa, bila sindano yake. Toa tone moja moja. Mtoto alale kifudifudi, kama anavyonyonya kwa mama yake. Usimlaze chali kama mtoto wa mtu, maana maziwa yataingia mapafuni. Wahenga walisema: Paka hakubali kulala chali. Hapa maneno yao ni kweli tupu.

Wiki ya kwanza mlishe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Baada ya kula, mpanguse sehemu za nyuma kwa pamba yenye maji ya vuguvugu. Mtoto mchanga hawezi kukojoa wala kunya bila kupanguswa. Mama yake hufanya hivyo kwa ulimi.

Kazi hii ni nzito kwa mtu mmoja. Gawaneni. Mwenye duka achukue mchana. Mlinzi wa usiku achukue usiku, maana yeye yu macho. Jirani achukue alfajiri.

AFYA YA WATU

Nawa mikono kwa sabuni kila ukiwashika paka. Mama mjamzito asiguse kinyesi cha paka, kwa sababu kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Ukiumwa na paka, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Paka akifikisha miezi mitatu achanjwe.

BAADA YA MIEZI MIWILI

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Wiki ya nne huanza kuonja chakula laini. Wakifikisha miezi miwili, wanaweza kuachana na mama yao. Mmoja aende duka la mchele. Mmoja aende kwa fundi viatu. Mmoja apande gari na shangazi, aende kulinda ghala kijijini.

Kisha mpeleke mama kwa daktari wa mifugo afungwe uzazi. Usingoje watoto wakue sana, maana paka anayenyonyesha anaweza kushika mimba. Watoto nao wafungwe uzazi kabla ya kuanza kuzaa, na paka huweza kuanza akiwa na miezi minne au mitano tu. Gharama ipo. Lakini wenye maduka watano wakichanga, mzigo unakuwa mwepesi. Hiyo ndiyo njia ya kupunguza paka. Mfuko na jalala si njia.

Ndugu msomaji, paka alinde chakula chetu mwaka mzima, kisha sisi tushindwe kumpa boksi, kanga kuukuu na vichwa vya samaki kwa miezi miwili? Mimi naona hiyo ni dhuluma. Tumlipe haki yake.

ZUNGUMZENI DARASANI

1. Katika kijiji chenu, watoto wa paka wakiwa wengi hufanywa nini?
2. Kwa nini joto hutangulia maziwa?
3. Mtoto wa paka alikuwa na gramu 105. Leo ana gramu 118. Ameongezeka gramu ngapi?
4. Je, mnakubaliana na mwandishi? Toeni sababu zenu.