Ibanda: Kabla ya kuuliza televisheni ni ya inchi ngapi, angalia kwanza umeme wa kwako

Tarehe 7 Februari 2024, Leopards wetu walipoingia uwanjani Abidjan kucheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa jirani, kartie ya Ndendere, hapa komini ya Ibanda. Nyumbani kwangu kulikuwa televisheni ya inchi 43, ile tunaita ekra pla, yenye majuma matatu tu tangu kununuliwa. Ilikuwa imekufa siku mbili mbele ya mchezo.

Kila mtu wa Bukavu anakumbuka wimbo wa taifa wa siku ile. Wachezaji walifunika midomo kwa mkono mmoja, na mkono mwingine wakauelekeza kichwani kama bunduki, ili dunia ijue kwamba watu wanauawa hapa mashariki na wengi wananyamaza. Katika chumba kile hakuna aliyepiga kelele. Mchezo tulipoteza, bao moja kwa sifuri. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba watoto wangu waliona picha ile kwa watu, wakichungulia katikati ya mabega ya wakubwa, kwa sababu baba yao alinunua vibaya.

Televisheni ya jirani ilikuwa ya inchi 24. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na ilikuwa na miaka sita kwake. Chini ya meza kulikuwa kisanduku kizito kinachonguruma: stabilizatere. Mimi nililipia ukubwa, yeye alilipia ulinzi. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu.

Nieleze namna nilivyonunua, maana najua siko peke yangu. Niliingia katika butike moja mjini, jina nitaliacha. Kijana muuzaji aliniambia: « Yaya, hii ni orijinale, ni 4K, hautapata shida. » Nilimwamini, nikatoa dola 230 za likelemba. Siku ile umeme uliporudi kwa nguvu usiku, tulisikia mlio mdogo, kisha harufu. Fundi alipofungua alinionyesha mambo mawili: bodi ya umeme ilikuwa imeungua, na kioo hakikuwa 4K hata kidogo. Niliporudi kwa muuzaji, alisema garanti ilikuwa ya kujaribu pale butike, si ya nyumbani.

Tangu hapo, ndugu na marafiki wakiniuliza wanunue ipi, nawajibu kwa swali: umeme wa kwako ukoje? Bukavu iko karibu kabisa na mitambo ya Ruzizi. Ruzizi ya kwanza ilijengwa wakati wa Wabelgiji na haifiki megawati 30. Ruzizi ya pili, ya mwaka 1989, tunaigawana na Rwanda na Burundi. Wakati huohuo mji umekua, nyumba zimepanda milima yote. Delestaji tumeizoea. Saa za jioni, resho zote zinapowashwa, taa zinafifia. Kisha umeme unakatika, na ukirudi unarudi na nguvu nyingi. Hapo ndipo televisheni zinakufa.

Tena kuna radi. Mwaka 2016 watafiti waliohesabu radi kwa msaada wa setilaiti waliiweka Kabare, jirani yetu wa karibu kabisa, katika nafasi ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Basi mvua ikianza kunguruma, haitoshi kuzima kwa telekomande. Chomoa prizi, chomoa na waya wa anteni, maana radi hupitia pote pawili.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kusoma si maandishi makubwa ya kwenye karatoni. Geuza televisheni, soma karatasi ndogo ya nyuma. Ikiandikwa 100-240V, chombo kinavumilia umeme unaoshuka jioni. Ikiandikwa 100V au 120V peke yake, ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, na prizi yetu ya 220V itaiua siku ya kwanza. Karatasi hiyohiyo inaonyesha wati. Kwa kawaida televisheni ya LED ya inchi 32 inakula wati 30 mpaka 50. Ya inchi 55 mara nyingi inapita 100. Zile plasma za zamani, ambazo watu wanaziuza rahisi wakisema bado nzima, zinaweza kupita 200.

Kwa wenye kutumia paneli za jua, hesabu hii ndiyo yote. Betri ya 12V yenye Ah 100, ukiitumia nusu tu ili isiharibike mapema, inakupa kama wati-saa 600. Televisheni ya wati 40 pamoja na dekoda ya wati 10 itakaa karibu saa kumi au zaidi kidogo. Ile kubwa ya wati 120 na dekoda ileile haitafika saa tano. Ziko pia televisheni zenye tundu la 12V, zinazochukua umeme moja kwa moja kwenye betri bila konvertisere. Nani ametuambia kwamba hizo ni za watu wa kijijini? Ni za watu wanaojua kuhesabu.

Kitu cha pili ni chumba. Inchi zinapimwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo: inchi 32 ni sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109. Saloni nyingi za Panzi na Nyalukemba hazina mita tatu kutoka kiti mpaka ukuta. Kwa mita mbili, inchi 32 zinatosha familia nzima. Kuhusu 4K, usilipe pesa zaidi kama unayotazama ni dekoda ya kawaida na filamu za kwenye kle USB. Na zile zinazoitwa smart zinataka intaneti: saa moja ya video safi inaweza kumaliza gigabaiti moja na kupita. Nani atalipa?

Cha tatu, jaribu mbele ya muuzaji, na usione haya. Beba kle USB yenye picha za rangi moja moja: nyeupe, nyekundu, kijani, bluu na nyeusi. Kwenye nyeupe utaona madoa na pembe zenye giza. Kwenye nyeusi utaona vidoto vinavyowaka peke yake. Acha iwake nusu saa. Sikiliza sauti. Kisha omba fakture yenye tarehe, nambari ya chombo na muda wa garanti, na muhuri juu yake. Muuzaji akikataa kuandika alichokisema kwa mdomo, amekwisha kukujibu.

Mwisho, kabla ya kuongeza inchi, nunua stabilizatere. Soma volti inazopokea, na usiunganishe friji wala resho humo. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika tano. Usitundike vyombo vyote kwenye multiprizi moja ya bei ya mchezo. Sisi wa mji huu wenye nyumba nyingi za mbao hatuhitaji kufundishwa kitu ambacho waya mmoja uliopata moto unaweza kufanya kwa avenyu nzima.

Wengine watasema: kuna vita, benki zilifunga tangu Februari 2025, nani anafikiria televisheni? Mimi nasema ni kwa sababu hiyohiyo. Pesa ikiwa ngumu, kosa la dola 230 ni karo ya mtoto, ni kodi ya nyumba. Na mtu wa Ibanda ana haki ya kuketi na watoto wake usiku, mlango umefungwa, akasikia habari au akatazama mpira bila kwenda kusimama kwa watu.

Kwa wafanyabiashara wetu ninaomba jambo moja: andikeni garanti hata ya majuma mawili, na muiheshimu. Mteja aliyedanganywa mara moja harudi, na anawaambia jirani zake wote. Mimi mwenyewe nimewaambia wangapi?

Leo nina televisheni ya inchi 32, iliyokwisha kutumika, na stabilizatere yake. Vyote pamoja havikufika nusu ya pesa niliyopoteza. Wageni wengine wanacheka udogo wake. Watoto wanaketi.