Mpe Mama Simu Aseme Mwenyewe

Siku hizi simu ya mkononi imefika hata katika vijiji ambavyo barabara haijafika vizuri. Wizara ya Afya inayo namba ambayo mwananchi yeyote anaweza kuipiga bure akauliza jambo la afya. Namba hiyo ni 199. Wengi waliisikia redioni mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Korona ilipopungua wakaisahau, wakidhani ilikuwa ya korona peke yake.

Mimi naipenda namba hii. Kutoka vitongoji vya mbali hadi zahanati yetu ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na si kila jambo linahitaji mwendo huo. Mama anayetaka kujua kama mtoto wa miezi minne apewe uji, au mgonjwa aliyesahau kumeza kidonge cha jana, anaweza kuuliza akiwa nyumbani kwake. Lakini nimeona jinsi tunavyoitumia simu, na nina neno la kusema, hasa kwetu sisi wanaume.

Simu haina macho. Mtaalamu aliye upande wa pili hamwoni mgonjwa wala hamgusi. Anajua kile tu unachomwambia. Ndiyo maana anauliza maswali mengi. Watu huyachukia maswali hayo. Utasikia mtu akisema, "Mimi nataka dawa ya kuharisha, yeye ananiuliza habari za mkojo!" Ndugu yangu, swali la mkojo ni kubwa. Mtoto anayeharisha akikaa muda mrefu bila kukojoa, maana yake maji yamepungua mwilini mwake. Macho nayo huingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya hurudi polepole. Jibu la swali hilo moja linaweza kubadili shauri lote.

Sasa tazama ni nani anayejibu. Katika nyumba nyingi simu ni ya baba. Mtoto anaharisha tangu jana, na mama ndiye aliyekesha naye. Baba anatoka nje, anapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, anapiga. Anaulizwa kama mtoto ananyonya. Anajibu, "Ananyonya vizuri." Amejuaje? Yeye alikuwa shambani tangu asubuhi. Mama yuko jikoni, naye anajua kwamba mtoto ameacha ziwa tangu alfajiri, lakini hakuna aliyemwuliza. Basi mtaalamu anatoa shauri kwa mtoto anayenyonya vizuri, na mtoto huyo hayupo katika nyumba ile.

Bwana mmoja wa kitongoji cha jirani alipiga simu kwa ajili ya mke wake mjamzito. Alisema mkewe anaumwa kichwa kidogo. Akaambiwa ampe mkewe simu. Alisita, kisha akampa. Mke akasema kichwa kinamwuma sana tangu juzi, na macho yanaona ukungu. Hapo hapo wakaambiwa waondoke kwenda kituo cha afya, kwa sababu hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba. Mume alikuwa hajasikia kabisa habari ya macho.

Jirani zetu wa Malawi walilifikiria jambo hili mapema. Mwaka 2011, katika wilaya ya Balaka, walianzisha huduma iitwayo Chipatala Cha Pa Foni, yaani hospitali kwa simu. Mwanzoni ilikuwa ya wajawazito na wenye watoto wadogo. Wanawake wengi hawakuwa na simu. Kwa hiyo watu wa kujitolea walipewa simu, na mwanamke wa kijijini aliweza kwenda kwao akapiga mwenyewe. Baadaye huduma ilienea nchini, ikawa ya magonjwa ya kila namna, na serikali yao ikaichukua.

Kwa nini sisi tusifanye hivyo? Kila kitongoji kinaweza kuwa na simu moja ndogo, ikae kwa mhudumu wa afya wa jamii, iwe na chaji wakati wote. Tunachangia harusi, tunachangia ngoma. Wapo watakaosema mwanamke akishika simu ataharibika. Maneno hayo nimeyasikia kilabuni, na waliokuwa wakiyasema hawajawahi kukesha na mtoto mgonjwa.

Yako mambo ambayo si ya kupigia simu ya ushauri. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki, mchukue uende naye. Kama anaharisha na bado anaweza kunywa, mpe njiani maji ya ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi. Mjamzito akitokwa na damu, usingoje kuche. Ipo namba 115, nayo ni bure, ya kutafuta usafiri wa dharura kwa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga. Na simu isipopokelewa, usikae hapo ukipiga mpaka jua lizame. Hata Uingereza, nchi tajiri, namba yao ya ushauri, 111, ilipoenezwa nchini mwaka 2013 wananchi wengi walilalamika kwamba walisubiri mno.

Wewe unayesoma gazeti hili una kazi yako. Kabla ya kupiga, andika katika daftari siku ugonjwa ulipoanza na dawa ambazo mgonjwa amekwisha meza. Jina la dawa linakili kutoka kwenye pakiti, herufi kwa herufi. Kadi ya kliniki iwe karibu. Kama mama wa mtoto hajui kusoma, wewe soma kadi, yeye ashike simu na ajibu.