Tairi la Tela: Soma Mwaka Kabla ya Kashata

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, wengi tukinunua tairi la mtumba la tela tunaangalia kashata tu. Ushauri wangu: anza na mwaka. Tela hufanya kazi msimu wa mavuno, kisha hukaa juani miezi mingi. Mpira huzeeka kabla kashata haijaisha.

Tazama ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Ukikuta 2314, limetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2014. Liache, hata kama linang'aa. Lenye nyufa au uvimbe liache pia.

Ukishanunua, pima upepo kabla ya safari, tairi likiwa bado la baridi. Upepo ukipungua, tairi linapinda sana, linapata moto na kupasuka. Msimu ukiisha, toa mzigo, inua tela kwa magogo imara na ufunike matairi.

Utasema jipya ni ghali. Ni kweli. Lakini la zamani likipasuka Barabara ya Nyerere hapa Kipawa, hutapoteza nyanya peke yake. Nyuma yako kuna bodaboda na abiria wake.