Fizi: anayetaka kuwa mpima macho asomee wapi?
Fundi cherehani akipita miaka 40, kuingiza uzi kwenye sindano kunaanza kumsumbua. Sokoni Baraka ananunua miwani ya tayari, nguvu ileile pande zote mbili, hata kama macho yake hayafanani. Mpima macho hapasui, ila angempimia kila jicho peke yake, na akiona ugonjwa angemtuma kwa daktari.

Kazi hiyo inasomewa ng'ambo ya ziwa, KCMC kule Moshi, ao Makerere ya Kampala. Lakini kote wanafundisha kwa Kiingereza. Kijana wetu wa bio-chimie, hata akipata 70% kwenye Examen d'État, amesoma kwa Kifaransa. Kwetu sisi, hicho ndicho kizuizi cha kwanza, hata mbele ya pesa. Na akirudi bila mashine ya kukata vioo, ataandika namba tu, mgonjwa abaki kuuliza nani atamtengenezea hiyo miwani.