Maji ya Moyo Si Kifua Kikuu Tu

Mgonjwa akikutwa na maji katika mfuko unaozunguka moyo, watu wa nyumbani husema mara moja: ni kifua kikuu. Mara nyingi husema kweli, maana katika nchi zetu kifua kikuu ndicho kinacholeta maji hayo zaidi, hasa kwa mwenye virusi vya Ukimwi. Lakini mara nyingi si daima, na hapo ndipo wengine wanapopoteza miezi.

Ipo saratani ya tezi, iitwayo limfoma. Nayo huleta homa, jasho la usiku na kukonda, sawasawa na kifua kikuu. Huanzia mara nyingi katika zile tezi ambazo zikivimba huitwa mitoki. Nyingine zimo ndani ya kifua, jirani kabisa na moyo. Kutoka hapo saratani yaweza kupenya hadi kwenye mfuko wa moyo, au ikafika kwa njia ya damu. Maji yakijaa, moyo hubanwa na kushindwa kupokea damu: mgonjwa hutweta, mishipa ya shingo husimama, miguu huvimba, na akizidiwa huzimia. Saratani ikiingia katika nyama yenyewe ya moyo, mapigo huvurugika.

Maoni yangu ni haya: mwenye maji ya moyo pamoja na tezi zilizovimba akatwe kipande cha tezi, kikapimwe kwa hadubini. Kuvuta maji kwa sindano huokoa maisha, lakini maji hayo huenda yasionyeshe saratani ingawa ipo. Tena, ikiwezekana, kipimo kitangulie vidonge vya prednisoloni. Vidonge hivyo husinyaza tezi za limfoma kwa muda, nyumbani mkashangilia, kumbe ugonjwa umejificha.

Najua nauli na gharama vinatisha. Hata hivyo limfoma ni kati ya saratani zinazosikia dawa. Kule Mulago, Kampala, kituo cha kuitibu kilifunguliwa tangu mwaka 1967. Kwetu Tanzania zipo Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Mojawapo ya dawa zake, doksorubisini, yaweza kudhoofisha moyo, hivyo moyo upimwe kwanza kwa ultrasaundi.

Tezi za kifua kikuu nazo huchelewa kupungua, pengine huvimba zaidi mwanzoni. Kwa hiyo usimwachishe mtu dozi kwa kukisia. Mrudishe kwa daktari, umwulize kwa heshima: tezi hii imekwisha kupimwa?